Jina Lisilotaja Kilima

Mama mwenye mtoto alikuwa hajakaa vizuri kitini, na tayari kalamu ya Mama Françoise ilikuwa imefika kwenye mstari wa asili ya wazazi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndio ulikuwa mchezo wake, kwa miaka ishirini na miwili katika ofisi ya kuandikisha watoto, kwenye komini moja, yaani kata, ya mji wa Bunia. Ulimtajia jina la mtoto, naye akakutajia kilima ulikotoka, mtoto ni wa ngapi tumboni mwako, na kama mama mkwe wako bado ana kauli nyumbani. Alikosea mara chache sana, na alipokosea alinuna mpaka saa ya chakula.

Siku hiyo kalamu ilibaki hewani.

"Sobeya," yule mama alirudia, akimpakata mtoto vizuri.

"Hii jina ni ya wapi, mama?"

"Ni ya mutoto, mama."

Françoise alicheka, akaandika. Lakini wiki ileile waliletwa Sobeya wengine wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na kicheko kikamwishia. Akateremsha madaftari ya nyuma kutoka kabatini, akapangusa vumbi, akafuata majina kwa kidole. Katika mwaka mmoja na nusu alihesabu kumi na mmoja, wasichana sita na wavulana watano. Kabla ya hapo hakukuwa na hata mmoja.

Basi akaanza kuulizauliza, maana udadisi ulikuwa ugonjwa wake wa kuzaliwa. Michel, mwenzake aliyepiga mihuri meza ya pili, hakuinua hata kichwa. "Si ya kwetu. Iko ya batu ya Irumu." Mwanamke wa Irumu aliyeuza samaki wa chumvi nje ya lango alikataa katakata, akamwambia aulize watu wa Bogoro. Hubert, mlinzi wa ofisi, ambaye kwao ni Bogoro, alisema jina kama hilo lingetoka Kilo tu, kwa wachimba dhahabu, ambako kila mtu huja na lake. Jina lilikuwa likizunguka jimbo zima la Ituri na hakuna aliyekubali kuwa mwenyewe.

Nyumbani nako kulikuwa na jambo la jina, na hilo halikumchekesha hata kidogo. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa na siku sabini na nane na bado aliitwa Bebe. Gaël, mwanawe, alikuwa amemwoa Tina, binti wa kilima kinachotazamana na chao, na yaliyopita kati ya vilima hivyo viwili watu wa Bunia huyataja kwa kuinua kidevu tu. Kila kilima kina majina yake. Françoise alitaka mtoto apewe jina la ukoo la marehemu mumewe, Lucien. Baba yake Tina alitaka la kwake. Majina yenyewe siyataji hapa, maana nikiyataja nawe utajua vilima.

Usimdhanie kuwa mkaidi bure. Lucien alizikwa Bunia, mbali na ardhi ya baba zake, na nyumba yao ya kule ilichomwa. Hakuna kilichobaki chake ila jina, na jina lisipopata mtu wa kuitika, linakwisha. Françoise alilitaka kwa moyo wake wote. Lakini sheria nayo ilikuwa inahesabu. Siku tisini zikipita, mtoto huandikishwa kwa hukumu ya mahakama, na yeye, karani mwenyewe, aliona aibu kufikishwa huko.

Jumamosi alipanda pikipiki mpaka kambi ya waliokimbia vita, akiwa na karatasi aliyonakili kutoka daftarini: mahali anapokaa Sobeya wa kwanza kuandikishwa. Aliwakuta wanawake watatu wameketi mbele ya hema, wanachagua maharagwe kwenye ungo. Mwenye mtoto alikuwa Espérance, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa kukaza.

"Weye ni mama wa biro, ule wa kuandika batoto," alisema Espérance, mkono ukasimama kwenye maharagwe. "Kuna makosa kwa karatasi?"

"Hapana, mama. Leo si kazi. Nataka tu kujua hii jina."

Waliangaliana wale wanawake. Mtoto mwenyewe, kitoto cha mwaka na nusu, alikuja akashika sketi ya mgeni.

"Tulipotoka Djugu tulikuta barieri, bamefunga njia," Espérance alisema. "Mimi nilikuwa nimeshatayarisha jina ya uongo. Hawakuniuliza. Kulikuwa kijana mumoja, hakuwa na bunduki. Alikuwa anachutama mbele ya batoto, anauliza na sauti muzuri, weye unaitwa nani. Akisikia jina, anaambia benzake kilima. Hakukosea hata mara moja."

Françoise aliikunja karatasi yake mara mbili.

"Mutoto wangu mukubwa alimujibu. Alikuwa na miaka ine. Akataja yote, ya baba na ya babu. Nilikuwa nimemufundisha kujibu bakubwa na heshima."

Mkono wake ulirudi kwenye ungo, ukatoa kijiwe, ukakitupa. Françoise alitaka kusema pole, lakini neno lenyewe aliliona dogo mno, akaanza kuchagua maharagwe nao.

"Huyu alipozaliwa, nikaketi na hawa bamama, kila mutu na kwao. Tukaitunga siye wenyewe, tukichagua maharagi kama hivi. Kisha tukaenda kuuliza batu. Mumoja akauliza kwa soko, mwingine kanisani. Ba Irumu wakasema iko ya Bogoro. Ba Bogoro wakasema iko ya Kilo. Njo pale tukajua iko muzuri. Na bamama bengine wakaiomba."

"Na mbona munapatia hii jina batoto banamuke na bana-bume wote?"

"Kwa barieri wanatengaka bana-bume pembeni. Mutu akisoma liste ya majina, hii jina haimwambie kama ni mwana-mume."

"Kwa hiyo haina maana."

"Iko nayo." Espérance alimwonyesha kwa kidevu mtoto aliyening'inia kwenye sketi. "Maana yake ni huyu."

Françoise alirudi nyumbani kwa miguu. Aliona haya, haya ya kweli, kama ya mtu aliyekutwa ameshika kitu cha watu. Miaka ishirini na miwili amefurahia kusoma vilima kwenye majina ya watoto, na watu wamemsifu. Yule kijana naye bila shaka alisifiwa.

Siku ya themanini na nane, Gaël na Tina waliingia ofisini na mtoto. Gaël alibaki amesimama. Tina aliketi, akasema kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njiani: "Mama, tumeongea na baba. Amekubali. Andika jina ya muzee Lucien."

Ndilo aliloliomba kwa siku zote hizo. Furaha ilimpanda, na nyuma yake, bila kukaribishwa, akamwona mtoto wa miaka minne anajibu vizuri.

"Na weye, Tina, unataka nini?"

Tina alimvuta mtoto kifuani. "Mimi nataka akomae tu, mama."

Françoise alilitamka jina la Lucien moyoni, lote, la baba na la babu, polepole. Kisha akainama akaandika. Alipomaliza aligeuza daftari upande wao. Gaël alisoma, akamtazama mama yake, akasoma tena. Tina aliweka kiganja mdomoni, na macho yake yakajaa.

Michel alikuja kuchukua daftari kwa ajili ya mhuri. Alisoma mstari wa mwisho, akatikisa kichwa, na watu waliokuwa kwenye foleni wakanyoosha shingo.

"Sobeya mwingine tena. Mama Françoise, weye unajua majina yote. Sasa hii ni ya wapi?"

Mama Françoise aliifunika kalamu yake, akaiweka mezani.

"Si ya kwetu," alisema. "Nasikia iko ya batu ya Irumu."