Changarawe ya Makaburini

Ulyana aliitupa sepetu chini akatukana, tena si tusi la kurudiwa mbele ya wakubwa. Shimo lilikuwa halijafika hata magotini, na tayari chuma kilikuwa kimegonga barafu ile ile aliyoigonga jana na juzi, kila alikochimba bondeni. Barafu ya chini kwa chini, ngumu kama jiwe, isiyojua kiangazi ni nini.

Barafu yenyewe haikuwa na kosa. Vizazi na vizazi watu wa bonde hili walikaa juu yake salama salimini, kwa kuwa ilikuwa imefunikwa na zulia zito la kuvumwani, ile mimea laini itambaayo ardhini, na jua halikuweza kulipenya. Wenye kosa ni binadamu, na wa kwanza wao ni Zakhar, kaka yake. Alikwenda mjini, akaona bustani za watu, akarudi na kiherehere cha viazi. Akaibandua kuvumwani yote kuzunguka nyumba ya mama yao mpaka udongo mweusi ukabaki uchi. Viazi vikastawi kweli, majirani wakameza mate, na mwaka uliofuata kila mtu akawa anabandua, bonde zima. Basi jua likapata mlango. Barafu ikayeyuka, ardhi ikalegea kama uji, nyumba zikaanza kuzama kona moja moja. Kwa mama yao, Agrafena, sasa birika halikai jikoni bila kushikiliwa, na mlango umekwama moja kwa moja. Anaingilia dirishani, mwanamke wa umri ule!

Serikali nayo ikaja na yake. Kama ardhi ya kujenga haitapatikana kabla ya theluji, kijiji kizima kitahamishiwa mjini, kwenye maghorofa, na kulungu wao wa kufugwa wote wauzwe. Aliyetumwa kuitafuta ardhi hiyo ni Ulyana, kwa kuwa amesomea udongo na ni binti wa pale pale.

Na alikuwa ameshaipata. Hilo ndilo lililomchoma. Juu ya kijiji, ubavuni mwa mlima, palikuwa na tambarare ya changarawe, kavu, inayotazama jua. Alikwenda huko peke yake, akajaribu pembeni, na sepetu ikazama bila kugusa barafu. Hapakuwa na pengine. Lakini pale ndipo walipolala wafu wao wote, kwa sababu hiyo hiyo: ndipo mahali pekee kaburi lilipochimbika. Na kwa watu wake, mtu hakai karibu na wafu. Unamzika mtu wako, unavivunja vyombo vyake ili avipate vizima huko aendako, kisha unaondoka bila kugeuka nyuma.

Mchana ule walikutana nje ya shule, ambayo nayo ilikuwa imeinamia mto.

"Haya, bingwa wa mashimo," Zakhar alianza, "umetuchimbulia nini? Kisima?"

Watu wakacheka. Ulyana hakucheka.

"Mahali pamepatikana. Ni kule juu, kwenye changarawe."

Kicheko kikakatika.

"Makaburini?" Zakhar aliruka. "Una wazimu wewe? Unataka mama akapike uji kichwani kwa baba?"

"Sijasema kichwani. Nimesema pembeni."

"Pembeni! Mmemsikia? Tumemsomesha dada mtu aje kutujengea choo kwa marehemu!"

Hasira zilimpanda Ulyana hadi masikioni. "Nani aliyebandua kuvumwani, Zakhar?"

"Kila mtu alibandua!"

"Kila mtu alikuiga wewe!"

"Basi twende mjini, yaishe! Maji ya moto bombani. Mimi nimeshachagua nyumba yangu, ghorofa ya tatu."

"Ahaa! Kumbe si baba unayemwonea uchungu."

Agrafena alikuwa amekaa kwenye gogo muda wote huo. Sasa alisimama.

"Zakhar. Bunduki ya baba yako iko wapi?"

"Mama, hayo mengine."

"Nimekuuliza. Siku ya mazishi nilikupa mimi mwenyewe, nikakwambia ivunje, umwachie. Kesho yake nikausikia mlio wake msituni. Mlio ule naujua kuliko sauti yako! Mume wangu yuko huko na kikombe na kisu, hana cha kuwindia, halafu leo wewe ndiye wa kumsemea?"

Zakhar alitazama viatu vyake. Ulyana alifurahi, furaha ile ya ubaya, na mama yake akaiona.

"Na wewe usichekelee. Umechimba kule?"

"Ndiyo, mama."

"Bila kuniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ningekutandika na hiyo sepetu yako! Unaingia kwa wafu wetu kama unaingia dukani?" Machozi yalikuwa yakimtoka, na kila alipoyafuta alizidi kukasirika. "Leo siwataki nyote wawili. Mnisikie, siwataki."

Agrafena alivuta pumzi, akageukia watu.

"Tutajenga kule. Mmetuachia wapi kwingine? Huko mjini nitakufa nizikwe na nisiowajua. Lakini nyumba ya kwanza iwe yangu, iwe ya mwisho upande wa makaburi, na mlango wake umtazame mume wangu. Akiwa na neno, aanze na mimi."

"Mama..." Ulyana alisogea kumshika mkono.

Agrafena aliuchomoa mkono wake. "Usiniguse. Nenda kapime."

Ulyana akapanda mlima peke yake, akilia kwa hasira ambayo hakujua tena aielekeze kwa nani. Hatua chache kutoka kaburi la baba yake alipigilia kigingi cha kwanza, na ardhi ikakipokea kwa wepesi uliomtia uchungu upya.