Namba Kumi na Saba

Kwa mara ya nne asubuhi ile karani aliwahesabu watoto wakiwa wamesimama kwa mistari uwanjani, na kwa mara ya nne akapata mia mbili thelathini na tisa. Rejista ilisema mia mbili arobaini.

"Bwana Jumla!" mwalimu mkuu aliita kutoka barazani. "Unahesabu wanafunzi au nywele zao? Jua linatukaanga hapa!"

Watoto waliangua kicheko. Karani hakucheka. Jina hilo la utani alilichuma kwa miaka ishirini na sita ya kutokosea jumla hata moja, na moyoni alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake.

Fomu ya takwimu ilitakiwa iondoke saa nane mchana. Wavulana wangapi, wasichana wangapi, mayatima, wanaotoka mbali, waliofaulu, walioanguka. Mwaka huu fomu ilikuja na meno: shule yenye watoto pungufu ya mia mbili arobaini itafungwa. Watoto wao wangehamishiwa shule ya ng'ambo ya reli, mwendo wa saa mbili kwa mguu.

Alijifungia ofisini, akaishusha rula kwenye orodha, jina baada ya jina, sura baada ya sura. Kidato cha pili, rula ikasimama. Namba kumi na saba, msichana. Jina alilisoma, sura haikuja.

Alama zake za hesabu kwa mihula mitano: arobaini na moja, arobaini na tatu, arobaini na tano, arobaini na saba, arobaini na tisa. Alipanda kama mtu apandaye ngazi gizani bila kujikwaa hata mara moja. Karibu miaka miwili, hajachelewa, hajaugua, hajakosa siku.

Akaenda chumba cha walimu.

"Kumi na saba? Namjua sana," alisema mwalimu wa hesabu. "Mrefu, hukaa dirishani."

"Mrefu wapi!" mwalimu wa jiografia akadakia. "Kafupi yule, kana kovu kidevuni. Wewe miwani yako kaipime upya."

"Nyote mmepotea," alisema mwalimu wa sayansi. "Ni yule mpole wa nyuma, asiyeongea..." Akaishia hapo, kikombe kikiwa kimegusa mdomo.

"Daftari lake," karani aliuliza taratibu, "nani amewahi kulisahihisha?"

Mwalimu wa jiografia aligeuka kutazama mlango, kana kwamba kuna mtu amebisha.

Karani hakuhitaji kuuliza zaidi. Desturi ya shule aliijua. Nafasi tupu kwenye orodha ya alama hudai barua ya maelezo, nakala tatu. Namba haidai kitu, wala alama ya vema ya mahudhurio, ipigwayo kwa darasa zima bila kuinua macho. Basi mtoto ambaye karatasi yake haionekani hupewa alama za muhula uliopita, au kama ni mgeni zile za mtihani wa kuingilia, na mbili juu za kumtia moyo. Na kila mwalimu aliamini karatasi imepotea kwake peke yake. Ripoti zote, hata hivyo, zilinakiliwa na mkono mmoja, kwa mwandiko wa mviringo uliosifiwa na kila mzazi. Mkono wa karani.

Saa sita alibisha hodi kwenye nyumba moja nyuma ya kiwanda cha mbao.

"Karibu, mwalimu," alisema mama mwenye nyumba, fundi cherehani, sindano mbili zikiwa zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. "Kuna heri? Mtoto hajawasumbua?"

Ukutani zilibandikwa ripoti tano kwa mstari. Kwenye msumari ilining'inia sare iliyopigwa pasi, mikunjo yake mikali kama kisu. Chini yake, viatu vyeusi ambavyo soli zake hazijakanyaga chochote.

"Mama, leo nimewahesabu watoto wote. Binti yako hayupo."

Mwanamke aliketi.

"Alifariki Jumamosi," alisema. "Jumatatu ndiyo shule ifunguliwe, aanze kidato cha kwanza. Homa ya siku mbili tu. Nilitaka nije niwaambie, mwalimu, lakini miguu ilikataa. Mwisho wa muhula mtoto wa jirani akaniletea ripoti. 'Mahudhurio mazuri. Anajitahidi.' Nikasema, hawa wamesoma. Hawawezi kuandika kitu ambacho hakipo."

Aliviangalia vile viatu. "Hiyo jozi ya tatu. Mguu unakua."

Karani aligeuzia macho zile ripoti ukutani. "Na kaburini, dada yangu?"

"Sijawahi kwenda. Nikafuate nini huko, na yeye yuko darasani?" Kisha akamsogelea, sauti imeshuka. "Muhula huu kapata ngapi?"

Hamsini na moja. Tayari alikuwa ameziandika.

"Jumamosi nitakuja," alisema. "Twende wote makaburini, mama."

Mwanamke aligeuka. Alianza kunyoosha ukosi wa ile sare, ambao haukuwa umepinda.

Mwalimu mkuu alikuwa akimngoja na muhuri mkononi. Alisikiliza yote, akapangusa uso.

"Mungu amrehemu. Sasa andika arobaini. Marehemu hana kijicho. Au unataka watoto mia mbili thelathini na tisa wavuke reli kila alfajiri kwa ajili ya jumla yako?"

Karani alivuta kiti, akachukua kalamu.

"Basi andika!"

"Kuna mwanamke anaununulia viatu mwandiko wangu," karani alisema, na akaandika thelathini na tisa. Kisha akafungua rejista, akapiga mstari mwekundu juu ya kumi na saba, na pembeni akaandika: *kafariki*. Mwandiko ukatoka mbaya.

Fomu iliondoka saa nane. Alasiri ile mwalimu wa darasa la kidato cha pili alisema kichwa kinamuuma, akakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Karani akaingia kuita majina, kwa namba, kama ilivyokuwa kawaida yao.

"Kumi na tano."

"Nipo."

"Kumi na sita."

"Nipo."

"Kumi na nane."

Msichana wa namba kumi na nane aliinua kichwa, hakujibu. Darasa zima lilitulia, bila kuambiwa, kwa kadiri ya muda wa neno moja.

"Nipo," alisema kisha.