Benchi la Wanaosubiri

Asubuhi ya kwanza ya utafiti, mshauri nasaha alipangusa viti vya chumba cha mazungumzo, akajaza jagi maji, kisha akaburuta benchi refu hadi nje ya mlango. Viti vilikuwa vya watakaosikilizwa. Benchi lilikuwa la kundi la kusubiri, watakaojaza dodoso tu na kurudi kwao. Bila benchi, alisema mtafiti mkuu, huna wa kulinganisha naye, na bila kulinganisha huo si utafiti, ni umbea. Wafanyakazi walimwita Mzee Wastani, kwa kuwa aliulizia wastani wa kila kitu, hata wa chumvi kwenye mboga.

Makundi yalipangwa kwa kura, vikaratasi ndani ya ndoo ya plastiki, ili asipendelewe mtu. Wote walikuwa wafiwa. Mmoja wao alikuwa wifi yake mshauri, mjane wa kaka yake, ambaye tangu mazishi hakuwa amelia wala kumtaja marehemu. Mshauri ndiye aliyemsihi aje, maana nyumbani walikuwa wakitazamana tu juu ya sahani, na kimya kile kilikuwa kimemchosha kuliko kazi. Wifi akachomoa kikaratasi cha benchi. Mshauri angeweza kukibadilisha, hakuna aliyekuwa akimwangalia. Hakukibadilisha. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Haukupita muda, mama mmoja akaeleza ndani ya chumba habari za bintiye aliyezama kisimani, mtoto aliyependa kusukwa nywele kwa utepe wa manjano. Alipomaliza alipiga mwayo, akaomba maji. Nje, wifi alikuwa amejiinamia juu ya dodoso lake, akimlilia mtoto mwenye utepe wa manjano. Mlango ulikuwa umefungwa na kuta zilikuwa nene. Wifi mwenyewe hakuwahi kuzaa.

Wiki iliyofuata, bibi mmoja alimzungumzia mumewe ndani, na kule benchini fundi cherehani, mwanamume wa masharubu, akaanza kumlilia mume. Wenzake walimsogezea leso. Mfagizi akawa anapitisha dekio chini ya benchi kila kipindi kinapokwisha, akinung'unika kwamba hakuajiriwa kukausha machozi.

Mshauri alipeleka taarifa kama inavyotakiwa.

"Kwa hiyo huzuni ya wa ndani inashuka na ya wa nje inapanda?" aliuliza Mzee Wastani.

"Ndiyo, mzee. Kinachowatoka hawa kinawaingia wale."

"Hayo tutayajadili kwenye sura ya mwisho. Tofauti ni kubwa?"

"Kubwa sana."

"Basi hilo benchi usilisogeze hata kidogo."

Siku moja mshauri alikutana na yule mama kwenye ngazi. Alikuwa amenenepa, na ngozi inang'aa. Mshauri akamwuliza kama bado anamuota bintiye. Mama alifikiri, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo.

"Binti," alisema. "Ndiyo. Nadhani nilikuwa na binti." Akamshukuru kwa huduma nzuri, akashuka ngazi.

Nyumbani, wifi aliacha chakula kikapoa.

"Kaka yako nimempoteza humu," alisema akijigusa kifua. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja. "Wamejaa, wifi. Nikimtafuta yeye, naangukia maiti wa watu."

"Vumilia. Nyie wa benchi mmeahidiwa zamu yenu."

Zamu ikaja kweli. Ripoti ilithibitisha kwamba njia ile inafanya kazi, ikashauri utafiti mkubwa zaidi. Waliosubiri wangesikilizwa sasa, na benchini wakaletwa wafiwa wapya, kwa sababu bila benchi ni umbea. Wifi alipofika mlangoni alisimama akawatazama.

"Hawa wa nini?"

"Wanasubiri," alisema mshauri.

"Nikisema, yule mtoto atawaangukia wao?"

"Ndiyo. Wewe utapumzika."

"Na kaka yako je?"

Mshauri alitamani kudanganya. Alikuwa amechoka, na uongo ungekuwa mwepesi kuliko jagi alilolishika.

"Naye pia," alisema.

Wifi alitikisa kichwa. "Huyo mtoto mamake hamkumbuki tena. Na mimi nikimtua, abaki na nani? Hawa wageni?" Akageuka, akamgusa bega kijana wa mwisho kwenye benchi. "Jisogeze kidogo, mwanangu." Akakaa.

Mzee Wastani alichungulia, akaelekeza iandikwe: amejitoa kwa hiari. Mshauri akaandika, kisha akamwita fundi cherehani. Yeye aliingia mbio, bila hata kuvua kofia, na muda si mrefu yule kijana aliyejisogeza benchini akaanza kumlilia mume.

Jioni mshauri alimkuta wifi amekaa kitandani, kitana mkononi, utepe mpya wa manjano mapajani. Kesho yake angetakiwa kufika mapema, kulikuwa na benchi la pili la kupokea. Alivua viatu, akakaa sakafuni mbele ya wifi yake, akainamisha kichwa.

Wifi alimsuka taratibu, akimbembeleza asilie kwamba kitana kinavuta. Kaka hakutajwa.