Fomu ya Wiki ya Nne

Katika wiki yake ya tatu ofisini, Dale Hruska alikuwa bado hajazoea mambo mawili: kiti kinachozunguka, na ukimya wa saa tisa alasiri, saa ambayo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipuliza filimbi kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu. Mlangoni waliandika "Mkurugenzi wa Mafanikio ya Wanamichezo", lakini chuo kizima, kuanzia rais wake hadi wafagiaji, kiliendelea kumwita Kocha. Kule Iowa, Marekani, mtu akishalipata jina hilo, huzikwa nalo.

Kazi yake sasa ilikuwa kuhakikisha wachezaji wanasoma mpaka wanahitimu. Pendekezo lake la kwanza lilipigiwa makofi kikaoni. Kila muhula, wiki ya nne, wahadhiri hujaza fomu kwa kila mchezaji: alama, mahudhurio, maoni. Miaka yote fomu hizo zilikuwa zikienda kwa kocha peke yake. Hruska alitaka zimfikie mwanafunzi kwanza. Mkuu wa taaluma akamuuliza wazo hilo zuri amelitoa wapi.

"Uzoefu," alijibu, macho mezani.

Jumatano hiyo Lorna, katibu wake, alichungulia mlangoni. "Kocha, una mgeni. Nimemwambia ainame asituvunjie mlango."

Aliyeingia alikuwa Renita Applewhite, mchezaji wake wa kati wa miaka kumi na moja iliyopita, akiwa bado na sare ya kazi ya nyumba ya wazee.

"Kocha! Kumbe wamekufungia ndani kama kuku wa mayai."

"Na wewe bado mchelewaji. Tulisema saa nane."

"Nimetoka zamu. Kuna bibi kule hakubali kuogeshwa na mtu mwingine. Ukimpelekea mwingine, anamtupia kikombe."

Akaketi, akaweka karatasi mezani. Aliacha chuo bila shahada, na sasa mwajiri wake alikuwa tayari kumpa muda wa kusoma. Mwisho wa maombi ulikuwa Ijumaa. Alikuwa amejaza fomu ya cheti cha mwaka mmoja cha usimamizi wa huduma za wazee. Kilichobaki ni saini ya mkurugenzi.

"Mbona si uuguzi?" Hruska aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Jamani Kocha! Anatomia tena? Si wewe uliyenikalisha ukaniambia Profesa Lindqvist kasema sitaiweza? Ukanipa na taulo nifute machozi." Akatabasamu. "Sijasahau. Kocha mwingine angeniacha nizame."

Shukrani yake ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomfanya Hruska ashindwe kumtazama.

Faili la Renita lilikuwa kwenye droo, karibu na goti lake. Alilitafuta siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kupewa ufunguo wa choo. Ndani yake kulikuwa na fomu ya wiki ya nne ya anatomia. Alama: 84. Maoni: "Ana mkono mtulivu. Aendelee." Maabara ilikuwa Jumanne na Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi na mbili, saa zilezile za mazoezi. Mwaka huo timu haikuwa na mchezaji mwingine wa kati. Walichukua ubingwa wa ligi, na kombe bado liko kwenye kabati la kioo ukumbini.

Alishika kalamu. Cheti kile hakikuwa kibaya. Kingempandisha cheo, na angekimaliza ndani ya mwaka. Kila neno hapo lilikuwa kweli, na Hruska akakumbuka kwamba siku ile ya taulo pia alijipanga hivyohivyo, kwa mambo ya kweli, mpaka alipofika kwenye lile moja la uongo.

Akaiweka kalamu chini. "Lindqvist hakusema hivyo."

"Hakusema nini?"

"Kwamba hutaiweza. Nilisema mimi."

Renita akacheka. "Acha utani, Kocha."

Hruska akafungua droo, akamgeuzia fomu. Renita aliisoma mara mbili, kidole kikiwa juu ya namba.

"Themanini na nne."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini?"

"Maabara iligongana na mazoezi. Nilikuhitaji uwanjani."

"Si ungeniambia hivyo? Pengine ningechagua mpira, mjinga mimi."

"Niliogopa ungechagua maabara."

Renita akageukia dirisha. Nje, mtu alikuwa akikata majani kwa mashine, na kelele zake zilikuja na kuondoka.

"Nina mtoto wa miaka saba," alisema hatimaye. "Akiniletea kazi za shule namwambia muulize baba yako, mama hana kichwa. Namwambia, anacheka, na mimi nacheka."

"Renita, naomba..."

"Ulitufundisha ukicheza faulo unainua mkono mwenyewe, refa hajauliza. Ulitukimbiza uwanja mzima tusipoinua. Miaka kumi na moja, mkono wako ulikuwa wapi?"

Mkono wa Hruska ulitaka kuinuka. Ukaishia ukingo wa meza.

Renita akaichana fomu ya cheti vipande viwili. "Nipe ya uuguzi."

Aliijaza palepale bila kuinua kichwa, akaisukuma mbele. "Saini hapo, Bwana Hruska."

Hakuna mchezaji aliyewahi kumwita hivyo. Akasaini.

"Na hiyo ya zamani nataka nakala. Naibandika kwenye friji, mwanangu aione."

Mashine ya nakala ilikuwa mbele ya meza ya Lorna. "Nipe nikufanyie, Kocha," Lorna alisema.

"Hapana. Nafanya mwenyewe."

Chini ya fomu, wino ukiwa umefifia, palikuwa na mstari aliousahau: "Imepokelewa na kusomwa", na saini yake. Karatasi ingeweza kusogezwa kidogo nje ya kioo cha mashine, na mstari huo usingetokea kwenye nakala. Renita alikuwa amesimama nyuma yake. Akailaza karatasi sawasawa, pembe kwa pembe, akabonyeza.

Nakala ilitoka ikiwa bado na joto. Saini yake ilikuwa imekolea kuliko ile ya asili.