Maji Mekundu Bustanini

Kwa miaka kumi na minne mwalimu wa kemia alifundisha mazingira kwa kuandika ubaoni, wanafunzi wakinakili mpaka vidole vikafa ganzi. Muhula huo alirudi kutoka mafunzoni na jambo jipya: wanafunzi watafute tatizo la shule yao wenyewe, kisha walitatue.

Msichana waliyembandika jina la Maswali akanyoosha mkono. "Mwalimu, maji ya sinki hili la maabara yanaishia wapi?"

"Shimoni, nyuma ya vyoo."

"Umewahi kuyaona?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akamimina chupa nzima ya rangi nyekundu sinkini, akafungulia bomba. Wakaenda wote kulizunguka shimo, macho wameyakodoa. Robo saa ikapita. Shimoni hakukuingia hata tone jekundu.

Mara kelele kali zikasikika kutoka bustani ya jikoni. Alikuwa dada yake mwalimu, mpishi wa shule. "Njooni! Ardhi inatoka damu!"

Mwalimu alifika akihema. Katikati ya matuta ya mboga, maji mekundu yalikuwa yakibubujika. Bomba la maji machafu ya maabara lilikuwa limepasuka chini kwa chini, tangu lini hakuna ajuaye. Akakumbuka kila alichowahi kumwaga sinkini: asidi, chumvi za madini ya risasi, zebaki ya vipimajoto vilivyovunjika. Akakaa kitako matopeni.

"Mdogo wangu," dada akasema kwa sauti ndogo, "mboga hizi ndizo ninazowapikia watoto. Na wewe huwa nakufungia uende nazo nyumbani."



Wanafunzi hawakungoja kuambiwa. Maswali alikimbia kufunga bomba la sinki. Wengine wakang'oa mboga. Mkuu wa shule akaja mbio, akitaka jambo lizimwe kimya kimya mpaka wakaguzi waliotarajiwa wiki hiyo waje na kuondoka.

"Lakini mwalimu alisema tutatue," Maswali akasema.

Mwalimu akainuka, tope likimchuruzika. "Waandikieni wakaguzi. Anzeni na jina langu."

Maabara ilifungwa muhula mzima, shule nzima ikapimwa damu. Watoto walisalimika, na mwalimu pia. Dada, aliyekula mboga zile kila siku ya Mungu, alikutwa na sumu ya risasi, akalazwa. Mwalimu alifika wodini, akaketi kando ya kitanda chake.

"Acha hiyo sura ya msiba," dada akamwambia. "Watoto wako wanafanya nini?"

"Wanafukua bomba lote."

"Sasa wewe umekaa hapa kwa nini? Nenda kashike koleo."