Haipatikani Kwingine Popote

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Hakuna chumvi humu, hakuna pilipili. Naapa kwa Mlima Hanang.

"Usiape kwa mlima," alisema Getruda, mwenye duka, bila kuinua macho kutoka kwenye mzani wake wa sukari.

Basi nikaapa kwa mfuko wa koti langu. Atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama kiroboto, kilichomo humu ndani ni chake. Abiria waliokwamishwa na mvua pale Dongobesh wakacheka. Mstaafu ana nini mfukoni zaidi ya ugoro? Wakageuza makreti ya soda, wakakaa. Nikaanza.

Palikuwa na mzee mmoja huko Gidamar, kijiji kilichojibanza chini ya mlima, akiitwa Onesphory. Kabla hajastaafu alikuwa dereva wa greda. Mkewe aliitwa Fabiola. Onesphory alikuwa mtu wa kawaida tu, lakini Fabiola alikuwa na sauti. Mwanamke huyo akiita ng'ombe wake Gidamar, ng'ombe wa Singida waliacha majani wakageuza shingo. Aliwahi kumkemea nyani shambani, nyani akalirudisha hindi kwenye bua lake na kulifunika vizuri na maganda.

Nyumba yao ilikuwa juu mgongoni mwa kilima. Klabu ya pombe ilikuwa chini, karibu na korongo. Kila jioni Fabiola alisimama uani akamwita mumewe, na kila jioni Onesphory akajifanya kiziwi mpaka wenzake wamsukume mlangoni. Siku moja, kwa utani tu, alitoa simu akairekodi ile sauti ikishuka kutoka juu, ili awe na kitu cha kuchekeshea watu: "Toka huko chini! Panda juu! Panda sasa hivi, usingoje kitu!" Klabu nzima ilicheka hadi pombe ikawatoka puani.

Kisha ukaja mwaka ule wa tope.

Hapa hata Onesphory, ambaye hakushindwa kupamba jambo, hakupata la kuongeza. Mlima ulinguruma alfajiri, tope likaanza kushuka. Fabiola alitoka, akasimama kwenye ukingo wa korongo, akawaita watu wa chini. Waliomsikia walipanda, wengine wamejifunga mashuka tu, na Onesphory akawa anawavuta mikono. Ukingo ulipokatika, Fabiola alikuwa bado anaita. Alipopatikana, mdomo wake ulikuwa umejaa udongo.

Ile simu ilibaki kwa mzee. Sasa, Onesphory alikulia enzi za kaseti. Alijua kwa hakika kwamba kanda ikipigwa sana sauti hufifia, huanza kukwaruza, na mwisho hubaki upepo mtupu. Kwa hiyo simu aliichaji, aliifuta vumbi, aliilaza chini ya mto, lakini ile sauti hakuibonyeza hata kidogo. Aliitunza kama mtu anavyotunza mbegu mwaka wa njaa. Na mwenye mbegu hazili.

Baadaye halmashauri ikaanza kupanga kununua mtambo wa kuwaonya watu kabla tope halijashuka. Akaletwa kijijini afisa ugavi, kijana aitwaye Idd, mwenyeji wa Tanga, anatetemeka kwa baridi yetu ndani ya makoti mawili.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema.

"Marahaba."

"Kabla hatujanunua kitu, lazima tuandike tunahitaji nini. Tukiandika vibaya tutaletewa vibaya, na mzabuni hatakuwa na kosa. Ndiyo maana nimekuja kuwasikiliza." Akawasomea alichokwisha kuandika: vifaa vya kupima mvua na mtikisiko wa ardhi kule juu, umeme wa jua, na king'ora kimoja chenye nguvu.

Mama Filomena akanyoosha mkono. "King'ora kama kile cha msafara wa wakubwa?"

"Hicho hicho, mama."

Watu wakaanza kuchekana. "Baba, usituletee hicho," Filomena alisema. "Hapa king'ora kikilia tunakimbilia barabarani kuona ni nani anapita. Hata mimi na goti hili nakimbia."

"Na barabara imepita korongoni," alisema Akonaay, mwenyekiti wa kitongoji. "Tutajipanga pale na watoto tulipungie tope mikono."

Kicheko kilikatika. Idd akalifuta neno king'ora, akafikiri kidogo. "Basi tuandike mtambo utoe sauti ya mtu."

"Mtu gani?" akauliza Filomena.

Onesphory akasimama. "Wa kwangu. Fabiola."

Hakuna aliyemwambia kaa chini. Mzee Yonas, ambaye nyumba yake ilikwenda na tope, alikohoa akasema, "Sauti ile ilinitoa kitandani mara moja. Hata leo ikiita, natoka."

Idd alikuna kichwa. "Mzee wangu, pole sana. Lakini hapo pana ugumu. Kwenye manunuzi ya umma haturuhusiwi kutaja chapa. Nikiandika sauti ya mtu mmoja, ni sawa na kutaja duka moja na kuyafungia mengine yote."

"Hakuna njia?"

"Ipo, ila ni nyembamba. Inabidi nieleze kwa maandishi kwamba kitu hicho hakipatikani kwingine popote."

Onesphory alimtazama kijana yule kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza mama yuko wapi.

"Andika basi."

"Mzee, wakubwa wangu wataniuliza kama tumetafuta..."

"Nimetafuta, mwanangu," alisema Onesphory. "Nimetafuta ndani, nimetafuta uani, nimetafuta kwenye ukingo pale. Haipatikani kwingine popote."

Idd aliinama akaandika. Aliandika polepole, na alipomaliza hakuinua uso mara moja.

"Sasa nipe hiyo simu, mzee, niinakili," alisema. "Itachukua muda kidogo tu."

Na Onesphory, ndugu zangu, aliitoa simu palepale. Hakusita! Sauti ikanakiliwa, zabuni ikatangazwa, mtambo ukaja, ukafungwa juu ya nguzo ndefu kama twiga wawili waliobebana. Mvua kubwa iliponyesha, Fabiola akaita kutoka kule juu. Gidamar yote ikapanda kilimani. Kuku walipanda. Kiziwi mmoja alipanda akiuliza kwa nini anapanda. Tope lilikuwa limeshafika nusu ya mteremko, lakini liliposikia "Panda juu, panda sasa hivi," lilisimama, likainamisha kichwa, likageuka, na kupanda kurudi lilikotoka. Mpaka leo liko huko huko, limetulia kama mtoto aliyechapwa.

Abiria walipiga makofi. Mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, tope limepanda mlima?"

"Naapa kwa mfuko huu!"

Getruda aliweka kijiko chake cha sukari juu ya kaunta.

"La tope nakusamehe," alisema. "La nyani pia, ingawa nyani huyo kila mwaka anazidi kuwa na adabu. Lakini Onesphory ni nani?"

Nikaanza kupapasa ugoro mfukoni.

"Gidamar haijawahi kuwa na Onesphory dereva wa greda. Jina lako umelibadili, shemeji Nikolausi. La dada yangu limekushinda."

Wale abiria wakaacha kucheka, wakanitazama, wakamtazama yeye.

"Na hakuna mtambo uliofungwa," akaendelea. "Juzi nilikwenda kupalilia kaburi lake. Kuna shimo la nguzo, limejaa maji, vyura wanaimba humo. Nikapita Katesh, pale halmashauri, nikamkuta yule kijana Idd. Amekuomba hiyo simu mpaka amechoka. Mara unamwambia imeibiwa, mara imetumbukia chooni. Wiki hii anafunga mpango wa manunuzi wa mwaka. Kama sauti haipo, ameniambia, anarudisha king'ora. Hana la kufanya."

"Wakiinakili itafifia, Getruda."

"Haififii. Siyo kaseti."

"Wewe umejuaje? Ikibaki upepo je?"

Alinyoosha mkono wake juu ya kaunta, una sukari kwenye vidole. "Kilichomo mfukoni ni cha nani?"

Dau ni dau. Nilijaribu kumpa ugoro kwanza, hakucheka. Basi nikaingiza mkono ndani zaidi, nikatoa simu, nimeifunga kwenye kipande cha kitenge anachokijua yeye. Alikifungua kitenge, akakikunja, akakiweka kifuani.

"Kesho naipeleka Katesh na gari la kwanza," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini sijamsikia tangu siku ile, shemeji. Wewe unaye mfukoni, mimi sina."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa, na safari hii sina cha kuapia, sikuwa nimelifikiria.

Alijaribu kutafuta mahali pa kubonyeza, akashindwa, macho yake yalikuwa hayaoni vizuri. Nikabonyeza mimi.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, tukadhani hatutasikia kitu. Kwanza wakasikika walevi wanacheka, na mimi nikiwa miongoni mwao. Halafu juu ya kicheko, juu ya mvua, juu ya bati lote la Dongobesh:

"Nikolausi! Toka huko chini! Panda juu! Panda sasa hivi, usingoje kitu!"

Haikuwa imefifia hata kidogo.

Getruda alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. Abiria, watu wasiomjua, walikuwa wote wameshasimama. Mimi ndiye niliyechelewa kuinuka, kama kawaida yangu.