Machicha ya Chai Kwenye Kona

Mwaka ule mashamba ya umma yalipokuwa yakipata wenyewe wapya, mhandisi wa kampuni moja binafsi alifika shuleni, chini ya Uluguru, kutafuta kijana mwenye akili ya maji. Kampuni ilitaka kuchimba mfereji wa kuzunguka mlima upande wa Kinole. Mwanafunzi mwenye modeli bora ya mfereji angekwenda naye likizo kupima mto.

Maneno wa kidato cha tatu aliitaka safari ile kuliko pilau ya Idi. Kwa wiki sita alifinyanga mifereji ya udongo yenye kona, akapitisha maji na kutia machicha ya chai ili aone yanavyovurugika. Kanuni ya kitabuni, iliyotungwa kwa mfereji ulionyooka, ilishindwa kila kona. Akaisahihisha kwa vipimo vyake. Anselmi, rafiki yake wa kitanda cha juu, ndiye aliyeandika daftari, kwa kuwa mwandiko wa Maneno ulifanana na ajali.

Siku yenyewe ya kuonyesha modeli Anselmi alimwomba akachote ndoo moja tu. Bomba lilikuwa limekauka, akateremka mtoni. Aliporudi, mhandisi alikuwa anaandika jina la Anselmi.

Maneno akatua ndoo, akamwamkia mgeni, akasema kwa adabu zote kwamba modeli ile ni yake. Mwalimu Kibwana akaguna. Akaeleza kwamba huyu ndiye aliyesimama mstarini Jumatatu, uso wa msiba, akaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya marehemu. Shule nzima ilishainamisha vichwa ndipo ikajulikana marehemu ni nyama ya Jumapili, iliyokosekana mezani.

"Mwulizeni Anselmi," Maneno akasema. "Tulikuwa wawili tu."

Anselmi aliyatazama maji.

"Maneno anapenda utani, Mwalimu," akasema taratibu. "Mzoeeni tu."

Mhandisi akauliza mbona machicha yanajikusanya upande wa ndani wa kona, ilhali maji husukumwa nje.

"Maji ya juu ni matajiri, mzee, yanakimbilia nje," Anselmi akajibu. "Ya chini ni sisi. Yanajiburuta sakafuni, yanarudi ndani na mzigo wa mchanga."

Watu wakashika mbavu. Mhandisi akamwambia Anselmi atafute viatu vya mlimani. Maneno naye nusura acheke, kwa mazoea: mzaha ule aliutunga mwenyewe, juzi, kitandani, kumchekesha mtu mmoja tu.